Divai ya Bwana Kizibo

Mwanangu Aminieli,

Sikuulizi hali. Leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sinia la ndizi ambalo mimi na mama yako tulidhani ni letu sote, kwa hiyo najua u mzima. Sasa hivi uko kwa mjomba wako unaaga, jua bado liko juu ya migomba, na mama yako amekaa kwenye kigoda na kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika. Unajua mwenyewe baba yako hakuingia darasani hata kwa kuchungulia. Mama yako alijifunza kusoma na kuandika pale misheni Nkoaranga alipokuwa anajiandaa kubatizwa, na tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha.

(Aminieli, ni mimi mama. Nitaandika anayoyasema. Akizidisha, nitaingia kati kama hivi. Usishangae nikiingia mara nyingi.)

Umeona? Hata barua yangu ina askari.

Mambo ya blanketi, sabuni na kutofungua sanduku mbele za watu atakwambia mama yako kesho, na ataendelea kukwambia mpaka basi liondoke. Mimi nataka kukupa habari ya divai. Umewahi kunisikia nikisema kwamba mimi ndiye Mmeru wa kwanza kuonja divai ya Kifaransa, na kila mara ulikuwa unakumbuka ng'ombe kabla sijafika mwisho. Safari hii huna ng'ombe. Utakuwa ndani ya basi umebanwa dirishani, utasoma tu.

Nakupa habari hii kwa sababu kesho unarudi pwani kusomea udresa, ile kazi ya kufunga vidonda hospitalini, mahali pale pale ulipopakimbia mara ya kwanza. Sijui kama utakaa. Wewe pia hujui. Jana nimekuona ukikunja shati, ukalikunjua, ukalikunja tena, ukakaa juu ya kitanda ukiliangalia kana kwamba litakujibu.

Basi sikiliza.

Kabla hujazaliwa nilifanya kazi ya nyumbani kwa Mfaransa mmoja, mlowezi wa kahawa, upande wa Usa. Shamba lake lilikuwa pale ambapo babu yako alichunga ng'ombe wake, lakini hiyo ni habari ndefu na wino tulionao ni kidogo. Watu walimwita Bwana Kizibo. Kila chupa aliyofungua aliweka kizibo chake mfukoni, akiongea na mtu anakitoa, anakinusa, anakirudisha. Hata na Bwana Shauri wa Serikali alikuwa anaongea naye huku ananusa kizibo.

Nilivyopata kazi ile ni kwa sababu ya bibi yako. Bibi yako alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, ambaye hajatokea mwingine. Mbege yake ikifika Kikatiti siku ya soko, watu walikuwa wanaacha mbuzi wao wamesimama peke yao. Na muonjaji wake alikuwa nani? Mimi. Hakuna mtungi uliotoka nyumbani kabla ulimi wangu haujasema ndiyo. Nikionja nilikuwa najua ndizi zimekatwa juu ya mfereji au chini ya mfereji.

(Hakuna mtu anayeweza kujua hilo. Mama.)

Mimi nilikuwa najua. Tuendelee.

Mbege unaijua, haina subira. Ukishachanganya ndizi na ulezi, leo tamu, kesho nzuri, keshokutwa unamwagia migomba. Mimi nimekulia katika kinywaji cha namna hiyo. Kitu kikiiva kinywe, kikichacha mwaga, hakuna mjadala. Ndiyo maana nilipofika kwa Bwana Kizibo nikaonyeshwa shimo lililochimbwa chini ya nyumba, baridi kama mto wa asubuhi, na chupa zimelazwa humo ubavu kama watoto wachanga, nilimuuliza mpishi: "Hawa wanasubiri nini?" Mpishi akasema, "Wanasubiri miaka." Nikajua Mzungu huyu anaumwa.

Ndugu yake ndiye aliyekuwa amemtumia kutoka kwao, makasha ya divai nyekundu, yote ya mwaka mmoja. Desturi yake ilikuwa hii: kila mwaka, lori la mwisho la kahawa likishaondoka shambani, anafungua chupa moja aone imefika wapi. Sasa, kuonja peke yako ni kazi ngumu, mtu unajidanganya. Majirani zake walikuwa Waingereza, wao na wiski yao, mmoja alimwambia divai ikishakuwa nyekundu yote ni ile ile. Bwana Kizibo hakumwalika tena. Ndipo akaniita mimi barazani. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, kibovu, lakini akitaka kitu unaelewa.

"Wewe mtoto ya ile mama ya pombe?"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe najua kuonja?"

"Bwana, mimi nikionja maji ya mto najua ni ng'ombe wa nani amevuka."

(Hiyo alisema kweli. Hata mimi aliniambia hayo hayo siku ya kwanza tulipoonana, na bado nikamkubali. Mama.)

Akanimiminia kidogo kwenye glasi. Ujue wakati huo Serikali ilikuwa imekataza Mwafrika kunywa kileo cha Kizungu, ungeweza kufungwa. Lakini sheria ilisema kunywa. Haikusema kuonja. Hivyo ndivyo nilivyojitetea moyoni, na hakimu alikuwa mimi mwenyewe, nikajiachia huru.

"Hapana meza upesi," akasema. "Nusa kwanza. Weka mdomoni. Ngoja."

Mimi divai niliyoijua ni ile ya kanisani, tamu, inateleza. Nikaweka mdomoni. Mwanangu, ilinikausha. Ulimi ulishikwa kama nimeng'ata ndizi mbichi na ganda lake, fizi zikajikunja, meno yakawa kama yamepakwa vumbi la barabara. Nikameza ili yaishe.

"Sema," akasema.

"Bwana, imeharibika. Mwaga."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapana haribika. Bado mtoto."

Sikumwamini. Siku ya soko nilikwenda Kikatiti nikawaambia watu kwamba Mzungu wangu ana shimo zima la pombe iliyooza na anailinda kwa kufuli. Tulicheka sana. Nilikuwa napenda sana kuchekesha watu, na bado.

Mwaka uliofuata akaniita tena, tukaonja, ikanikausha tena. Safari hii nilimwonea huruma. Nikaona kosa liko wapi. Wewe unajua kwetu huku juu baridi inavyoua mbege. Bibi yako alikuwa anauzungushia mtungi majani makavu ya mgomba, juu yake blanketi kuukuu, anauweka karibu na mafiga, ndipo unachemka wenyewe na kuiva. Huyu Mzungu yeye ameweka chupa zake shimoni kwenye baridi. Zitaivaje? Nikasema moyoni, maskini, kwao hakuna mtu wa kumwambia.

Basi aliposafiri kwenda Nairobi kutengeneza meno, nilishuka shimoni nikachukua chupa moja, nikaisimamisha vizuri karibu na jiko la kuni, nikaifunga majani makavu na gunia la kahawa. Mpishi alinitazama. Nikamwambia: "Subiri. Bwana akirudi ataniongezea cheo." Kila asubuhi nilikuwa naishika kuona joto lake, kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa.

Aliporudi nilimpelekea chupa ile barazani nikitembea kama bwana harusi. Nikamweleza kila kitu, majani, gunia, bibi yako, mafiga. Aliiangalia. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu na pembeni yake divai imechuruzika ikakauka. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Akaniambia nishuke shimoni nilete nyingine. Akafungua zote mbili, akazimimina glasi mbalimbali.

"Nusa hii."

Ile ya jikoni ilinichoma pua kabla haijafika mdomoni. Harufu ile naijua tangu utotoni, ni ya mtungi uliosahauliwa. Siki. Nikaonja, ikanikata ulimi, nikameza, ikaisha. Ikaisha kabisa, kama mlango uliofungwa.

"Sasa hii."

Ile ya shimoni haikunichoma pua hata kidogo. Mdomoni ikanikausha kama siku zote. Nikataka kusema lile neno langu, akaninyooshea kidole: "Ngoja." Nikangoja. Nikamaliza kumeza, nikangoja tena, nikiangalia wingu linavyoshuka juu ya mlima. Na kweli, nyuma kabisa ya ulimi, kitu kikarudi. Kidogo, kama zambarau uliyoila jana. Mara zile mbili za kwanza sikuwa nimekisubiri, maana nilikuwa nameza na kuanza kuongea.

"Hii," akasema akiigusa ile ya baridi, "nakausha mdomo, lakini iko kitu nyuma. Hii ya wewe hapana kitu nyuma. Hii nakufa."

Nilijisikia vibaya kuliko kama angenipiga. Lakini hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna ukakasi na kuna uchachu, na mjinga mwenye haraka anavionja vyote viwili anasema ni vichungu.

Baada ya hapo alinikabidhi ufunguo wa shimo. Alisema mtu aliyeua chupa moja ataziangalia nyingine vizuri kuliko mtu ambaye hajaua. Kila mwaka lori la mwisho likiondoka, tunakaa barazani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ngazi, tunaonja. Kidogo kidogo ule ukakasi ukaanza kulegea. Mwaka mmoja nikasikia harufu ya tumbaku kavu. Mwaka mwingine ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, na udongo wa kahawa mvua ikiugusa. Nikimwambia anafurahi kama mtoto, anasema, "Ndiyo, ndiyo, hapo, wewe nasikia?" Akanieleza kwamba ndani yake kuna zabibu za aina tatu, hazikui sawasawa. Moja inasema mapema, moja inachelewa, ya tatu kazi yake ni kuwashika wenzake wasigombane. Nikamwambia hata mbege ni hivyo, kuna ndizi ya utamu na kuna ndizi ya kushika. Hiyo aliiandika mahali.

(Hakuna mtu aliyeona mahali hapo. Mama.)

Ukafika mwaka mmoja, tukaonja, na mimi sikusema kitu. Naye hakusema. Divai haikubishana na ulimi hata mahali pamoja. Ule ukakasi haukuwa umeondoka, ulikuwa umekaa chini kama mzee aliyepewa kiti. Mama yako hapa anatabasamu, anajua kwamba mimi kunyamaza ni habari kubwa. Baadaye nikamwambia, "Bwana, sasa ndiyo sasa. Zilizobaki tuzinywe." Akasema hapana, mwaka kesho itakuwa nzuri zaidi. Mwaka kesho ikawa imeanza kupungua, imekuwa nyembamba, kama sauti ya mtu anayekwenda. Alikaa na glasi ile mpaka jua likazama, kizibo mkononi, hakukinusa.

Ndiyo maana mimi sikwambii vumilia. Neno hilo watu watakupa bure kila mahali, wala huhitaji kulitoa nyumbani. Nimeona kungoja kukizaa kitu, na nimeona kungoja kukila kile kile kilichokwisha zaliwa.

Sasa nije kwako.

Uliporudi kutoka pwani ulikaa jikoni na viatu vyako, ukasema, "Baba, kule kuchungu." Mimi, mwenye ulimi uliosifiwa toka Usa mpaka Ngare Nanyuki, sikukuuliza uchungu wa namna gani. Na kesho yake walipokuja wageni nikawaambia, "Daktari wetu amerudi mapema, pwani yote imeshapona." Watu walicheka sana. Wewe ulitoka ukaenda kuwakatia ng'ombe majani, na yalikuwepo majani ya kutosha.

(Na mimi nilicheka, mwanangu. Mama.)

Baadaye ulimwambia mama yako kidogo kidogo, na yeye akaniambia. Kwamba ulipoona kidonda kikubwa mara ya kwanza ulitapika ndani ya beseni la mkubwa wako. Kwamba wenzako wa kule wanakicheka Kiswahili chako, wanasema ni cha kuitia ng'ombe. Kwamba wengine wanafundishwa sindano na wewe unaachiwa kuosha mabeseni. Na mama yako anasema kuna jingine ambalo hukumwambia hata yeye.

Kutapika, hiyo kwangu ni ukakasi. Ningekuwa na wasiwasi na dresa ambaye hakutapika. Kuchekwa lugha nako ni ukakasi, ingawa unauma. Bwana Kizibo alikaa hapa umri wake wote na Kiswahili kile nilichokuonyesha, na watu walimcheka mpaka watoto, na alikula na kulala. Mabeseni, sijui. Inategemea. Beseni unaloosha leo kwa sababu ni zamu ya mgeni ni kitu kimoja, na beseni unaloosha kwa sababu mtu ameamua kwamba wewe ni wa mabeseni ni kitu kingine. Mimi siko pale. Ulimi ni wako.

Na hilo jingine ambalo hukulisema, silijui, na sikuulizi katika barua ambayo mama yako anaisoma huku anaiandika. Kama linakuchoma kabla hujaamka, kama unalinusa mlangoni kabla hujaingia, hilo lifikirie vizuri.

Mimi nina njia moja tu ya kukupa, na niliipata kwa kuharibu mali ya mtu. Siku ikiisha, usiseme kitu haraka, hata moyoni. Ngoja kidogo. Uangalie kama iko kitu nyuma. Labda mgonjwa aliyekuita kwa jina. Labda bandeji uliyofunga ikakaa. Labda mwenzako mmoja aliyekucheka asubuhi akakugawia muhogo jioni. Kikirudi kitu, hata kidogo kama zambarau ya jana, kaa tena siku nyingine uonje. Na ukingoja, ukangoja tena, siku nyingi, na kila jioni ni mlango uliofungwa, basi rudi. Usisubiri nikuite. Usisubiri mpaka uwe na sababu ya kunieleza. Mimi nilihitaji chupa mbili mbele yangu ili nijue tofauti, na wewe umeshakwenda mara moja na kurudi mara moja, kwa hiyo unajua zaidi yangu.

Mama yako ananiambia jua linashuka na wewe utafika sasa hivi, na hataki ukute tumekaa hivi kama watu wanaopanga mahari. Basi nimalizie.

Mara ya kwanza ulipoondoka nilisimama katikati ya soko la Kikatiti nikawatangazia watu kwamba mwanangu anakwenda kuwa daktari mkubwa, kwamba Wazungu watapanga foleni. Uliporudi ulishuka basi kabla hujafika Kikatiti, ukapanda huku juu kwa njia za mashamba ya kahawa ukivuka mifereji, sanduku kichwani, jua kali, ili usipite mbele ya watu niliowaambia. Ulifika na matope mpaka magotini. Nilidhani umeanguka mtoni. Ilinichukua muda kuelewa ni mdomo wa nani uliokupitisha kule.

Juzi sokoni Baba Ndeshi, yule mwuza mbuzi, aliniuliza, "Nasikia kijana anasafiri?"

Nikasema, "Anasafiri."

"Kwenda wapi?"

"Mbali kidogo."

"Kufanya nini huko?"

Mwanangu, maneno yote yalikuwa yamejaa hapa kooni, madaktari, Wazungu, foleni, nimeyapanga vizuri kabisa. Nikamwuliza habari za mbuzi wake. Akaniangalia, akaniuliza kama naumwa.

Hakuna mtu Kikatiti anayejua unakwenda wapi. Ukimaliza masomo nitawaambia mwenyewe, na hapo wanikimbie wakitaka. Lakini ukirudi kabla, shuka kituoni pale pale, mchana, upite katikati ya soko na sanduku lako. Watakusalimu, watakuuliza habari za safari, basi. Wataona kijana wa watu anarudi nyumbani kwao.

Baba yako